Saa Kwanza, Darubini Baadaye

Alfajiri ya Juni 6, 2012 tulikuwa Ras Kazone mjini Tanga, watu tisa na darubini moja ya kuazima. Jua lilichomoza kama saa 12 na nusu, jekundu, limebonyea chini kama kiini cha yai lililovunjiwa kwenye sahani. Hatukulitazama kwa macho. Tulilielekezea darubini, tukashika karatasi nyeupe nyuma yake, na taswira ya jua ikatua pale ikiwa na upana wa kisahani cha kikombe. Ndani ya taswira hiyo kulikuwa na kidoa cheusi cha mviringo, kama punje ya choroko. Ilikuwa sayari ya Zuhura ikipita kati yetu na jua.

Kwa zaidi ya saa nzima tulikifuata kidoa kile kikijongea ukingoni. Kilipougusa ukingo vijana wakaanza kelele, na kilipotoka kabisa tukapongezana kama watu waliotoka kufungisha nikahi. Mzee mmoja mvuvi, ambaye alikuwa ameegesha ngalawa yake pembeni akitutazama muda wote, akauliza swali moja tu.

"Mwalimu, kimetoka saa ngapi?"

Nikawageukia vijana. Simu ya kwanza ilisema saa 1:48, ya pili saa 1:50, ya tatu saa 1:52. Mzee akacheka. "Mimi maji yangu nayajua yanajaa saa ngapi," alisema, akasukuma ngalawa yake akaenda zake.

Aliniita mwalimu kwa sababu ya wale vijana. Kazi yangu ni upimaji ardhi, na mpima ardhi anajua uzito wa dakika 4. Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani uzi mmoja kila dakika 4, na huku kwetu karibu na ikweta uzi mmoja ni kilomita 111. Isogeze Tanga kilomita 111 mashariki, utaitosa baharini ng'ambo ya Pemba. Isogeze magharibi, itaipita Korogwe. Hiyo ndiyo tofauti iliyokuwapo kati ya simu ya kwanza na ya tatu. Darubini tulikuwa nayo, na anga ilikuwa safi. Tulichokosa ni kituo.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za watu waliosafiri miezi mingi katika bahari hii yetu kuja kutazama kidoa kilekile, mwaka 1761, bila simu wala umeme, na wengine wakipigwa mizinga njiani. Nilidhani nitasoma habari za darubini. Kumbe kurasa nyingi za kazi yao zinahusu saa.

Kidole gumba na jua

Nyoosha mkono mbele yako, simamisha kidole gumba, fumba jicho la kushoto, kisha badilisha ufumbe la kulia. Kidole kitaonekana kuruka kutoka upande mmoja wa ukuta hadi mwingine. Ukijua nafasi iliyopo kati ya macho yako mawili, na ukipima kidole kimeruka kiasi gani, unaweza kupata urefu wa mkono wako bila kuugusa kwa futi. Sisi wapima ardhi hutumia ujanja huo kila siku kupima ng'ambo ya mto tusioweza kuuvuka. Jina lake ni paralaksi.

Mwaka 1716 Mwingereza Edmond Halley alipendekeza ujanja huo utumike kwa jua. Jicho moja liwe mtazamaji aliye kaskazini ya mbali, jicho la pili liwe mtazamaji wa kusini ya mbali, kidole kiwe Zuhura, na ukuta uwe uso wa jua. Kila mtazamaji aandike saa hasa Zuhura inapoingia kwenye uso wa jua na saa inapotoka. Kutokana na tofauti ya saa zao, hesabu itatoa umbali wa dunia na jua.

Kwa nini umbali huo ulitakiwa sana? Kwa sababu wanafalaki walikwishajua uwiano wa umbali wa sayari zote. Walijua Zuhura iko karibu na jua kuliko sisi kwa kiasi gani, na Mshtarii iko mbali kuliko sisi mara ngapi. Walikuwa na ramani nzuri ya mbingu isiyo na skeli. Kipimo kimoja tu cha kweli kingetosha kuipa ramani yote skeli yake.

Ugumu ni kwamba Zuhura hupita mbele ya jua mara chache mno. Huja mara mbili, miaka 8 kati yake, kisha zaidi ya miaka 100 hupita. Ilikuwa ipite mwaka 1761 na mwaka 1769. Halley alijua hatakuwapo, na kweli alifariki mwaka 1742. Tena pembe iliyotafutwa, yaani paralaksi ya jua, ni ndogo ajabu: kasoro kidogo ya sekunde 9, na sekunde hapa ni sehemu moja ya 3,600 ya uzi mmoja. Weka sarafu yenye upana wa sentimita 2.5 umbali wa mita 580 hivi, kisha jaribu kupima upana wake ukiwa hapo ulipo. Ndiyo kazi yenyewe.

Mfaransa Joseph-Nicolas Delisle akaongeza wepesi mmoja na uzito mmoja. Alionyesha kwamba mtazamaji hahitaji kuona safari nzima ya Zuhura. Kuingia tu au kutoka tu kunatosha. Wepesi ni huo. Uzito ni kwamba lazima mtazamaji huyo ajue longitudo ya mahali pake bila kubahatisha. Mwaka 1760 Delisle alichora ramani ya dunia kuonyesha wapi Zuhura itaonekana ikiingia na wapi ikitoka.

Pwani yetu ilikuwa ndani ya ramani hiyo. Ukikokotoa kurudi nyuma, asubuhi ya Juni 6, 1761 jua la Tanga lilichomoza Zuhura ikiwa tayari ndani yake. Kidoa kilitoka majira ya saa tano, kwa saa ya jua la hapa. Kuanzia Vanga hadi Pangani, mwenye kipande cha kioo kilichofukizwa moshi na macho makali angeweza kukiona. Lakini kuona si kupima.

Pepo, vita na karatasi ya ruhusa

Mwaka huo Waingereza na Wafaransa walikuwa vitani tangu 1756, na bahari ya Hindi ilikuwa uwanja wao mmojawapo. Wanafalaki walipewa karatasi za ruhusa, zikiomba manahodha wa upande wa adui wasiwaguse. Mizinga haikusoma karatasi.

Waingereza Charles Mason na Jeremiah Dixon walipanga kwenda Bencoolen, Sumatra. Januari 1761, muda mfupi baada ya kung'oa nanga, manowari yao ya Seahorse ilishambuliwa na Wafaransa. Watu 11 walikufa. Walirudi bandarini, wakaanza tena, na kufikia Aprili walikuwa wamefika Rasi ya Tumaini Jema tu. Wakaamua kuishia hapo. Walijenga kibanda cha duara chenye paa la pia linaloweza kuzungushwa, ili upenyo wake uelekezwe popote angani. Ulikuwa uamuzi wa busara kuliko yote ya msimu ule, kwa sababu uliwaachia zaidi ya mwezi mzima wa kukaa chini na kuzoeana na saa yao.

Kasisi Alexandre-Gui Pingré, Mfaransa mwenye umri wa miaka 49 na maradhi ya jongo, alipangiwa kisiwa cha Rodrigues, kama kilomita 3,000 kutoka Tanga kuelekea kusini mashariki. Aliondoka Ufaransa Januari 9, 1761. Njiani meli yake ililazimika kuisaidia meli nyingine ya Wafaransa iliyoharibika, safari ikapinda hadi Île de France, yaani Morisi ya leo. Alifika Rodrigues Mei 28, siku 9 tu kabla ya Zuhura. Kisiwa kilikuwa na mkuu wake, Wafaransa wachache na watumwa, na kazi kubwa ya hapo ilikuwa kukusanya kobe wa kuwalisha watu wa Île de France. Hiyo Île de France ndiyo ambayo baadaye, mwaka 1776, ilimfanya mfanyabiashara Morice afunge mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Meli zilizobeba darubini na meli zilizobeba watu zilipita njia zilezile.

Wa tatu ni Guillaume Le Gentil, na kisa chake kinamuuma kila mtu wa pwani kwa sababu kinahusu upepo. Alikuwa Île de France, akitakiwa kufika Pondicherry, India. Alipanda meli ya La Sylphide mwezi Machi. Nahodha yeyote wa jahazi angemwambia: kaskazi haijaisha, huwezi kwenda India mwezi huo, subiri kusi. Lakini kusubiri kulikuwa kukosa. Meli ilihangaishwa na kaskazi wiki kadhaa katika bahari ya Afrika na ya Arabuni, ikapita Sokotra, na ilipokaribia India mwezi Mei ikapata habari kwamba Pondicherry imekwisha kutekwa na Waingereza. Nahodha akageuza. Juni 6 ikamkuta Le Gentil katikati ya bahari.

Siku hiyo anga kwake ilikuwa nzuri. Aliiona Zuhura, tena kwa darubini bora kuliko yetu ya Ras Kazone mara nyingi. Na alichokiona hakikuwa na faida yoyote kwa hesabu, kwa sababu mbili. Saa ya pendulamu haiwezi kufanya kazi kwenye sitaha inayoyumba. Na hakujua longitudo yake kwa uhakika. Saa ya John Harrison, ambayo ingeweza kutunza majira baharini, ilikuwa bado haijaanza safari yake ya majaribio kwenda Jamaika. Ilianza Novemba mwaka huohuo. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mzee wa ngalawa. Mwanafalaki wa mfalme wa Ufaransa na vijana wangu wa Tanga, wakiachana miaka 251, walikosa kitu kimoja.

Kituo kinajengwaje

Tuseme basi Pingré angeshushwa Ras Kazone badala ya Rodrigues, na masanduku yake pwani. Angeanza wapi?

Angeanza na ardhi. Angelikimbia fungu la mchanga na kutafuta mwamba wa matumbawe, ambao Tanga haina uhaba nao. Kila chombo chake kilitaka msingi usiotikisika. Angejenga nguzo ya mawe na chokaa, iliyokitwa kwenye mwamba wenyewe, na sakafu ya kibanda isiiguse nguzo hiyo, ili hatua za watu zisiifikie. Mafundi waliojenga makaburi ya nguzo pale Tongoni wangemmalizia kazi hiyo kwa siku chache. Pasipo na mwamba watu walibuni njia. Mwaka 1769, kule Tahiti, James Cook na mwenzake Charles Green walilisimamisha pipa kubwa, wakalikita ardhini, wakalijaza mchanga mzito uliolowa maji, na juu ya pipa hilo wakaweka kwadranti yao, chombo cha kupimia urefu wa jua angani. Saa waliifunga kwenye fremu ya mbao iliyozamishwa ardhini, na mlinzi akasimamishwa. Walikuwa na sababu ya kuweka mlinzi, maana kwadranti ilikuwa imekwisha kuibwa mara moja na kurudishwa.

Kisha ingekuja saa. Saa bora ya zama hizo ilikuwa ya pendulamu, fimbo ya chuma ya mita moja hivi yenye uzito mwishoni, inayokata sekunde moja kila inapokwenda upande mmoja. Pingré angeitoa sandukuni, aitundike kwenye nguzo, na kesho yake angegundua kwamba inachelewa.

Isingekuwa imeharibika. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya namna hiyo Cayenne, Amerika ya Kusini, akakuta inachelewa dakika 2 na nusu kwa siku. Ilimbidi kuifupisha pendulamu kwa milimita 3 hivi ndipo ikaenda sawa. Cayenne iko nyuzi 5 kaskazini ya ikweta. Tanga iko nyuzi 5 kusini. Sababu ni moja kote kuwili. Dunia imefura kiunoni, kwa hiyo sisi wa karibu na ikweta tuko mbali kidogo na kitovu chake, tena mzunguko wa dunia unatupunguzia uzito kidogo. Uvutano ukipungua, pendulamu inapumua polepole. Ongeza na joto letu: chuma hutanuka kwa joto, fimbo ikirefuka saa inachelewa tena. Nyuzi 15 za ziada za sentigredi zinatosha kupoteza sekunde 7 au 8 kwa siku. Mtu aliyekuja na saa ya Paris asiwe na habari hizo, angeishi Tanga kwa majira ya mji usiokuwapo.

Hivyo saa haiaminiwi mpaka ihojiwe, na anayeihoji ni jua. Hapa ndipo ilipokuja kwadranti, robo ya duara ya shaba yenye darubini ndogo na alama za nyuzi. Asubuhi mwanafalaki alipima jua likiwa urefu fulani angani, akaandika saa. Alasiri akangoja jua lishuke hadi urefu uleule, akaandika saa tena. Katikati ya saa hizo mbili ndipo jua lilipokuwa juu kabisa: adhuhuri ya mahali hapo. Akirudia kesho na keshokutwa anajua saa yake inachelewa au inawahi sekunde ngapi kwa siku. Si lazima airekebishe. Saa inayochelewa sekunde zilezile kila siku ni saa nzuri. Mbovu ni ile inayochelewa leo na kuwahi kesho.

Adhuhuri hiyo ilikuwa muhimu kiasi kwamba wanafalaki wa wakati ule waliianzia siku. Kama sisi tunavyohesabu saa moja baada ya kucha, wao walihesabu saa moja baada ya adhuhuri. Mswahili anayemwona Mzungu akishangaa kwamba saa 7:00 yake ni saa 1 yetu, na ajue kwamba wanafalaki wa Ulaya nao walikuwa na saa yao isiyofanana na ya mtaani.

Baada ya "saa ngapi" likabaki "wapi". Latitudo haikuwa tabu. Manahodha wa bahari hii waliipata zamani kwa kamali, kile kibao chenye uzi wa mafundo kinachopima nyota imepanda kiasi gani juu ya upeo. Longitudo ndiyo iliyokuwa fumbo, kwa sababu longitudo ni tofauti ya saa. Tanga na Rodrigues zinaachana saa 1 na dakika 37. Ukijua hivyo, unajua ziko mbali nyuzi ngapi. Lakini utajuaje Paris sasa ni saa ngapi, nawe uko Ras Kazone, na hakuna simu wala redio?

Jibu lilikuwa kutafuta saa inayoonekana kutoka Paris na Tanga kwa wakati mmoja, na saa hiyo imetundikwa mbinguni. Mshtarii ina miezi minne mikubwa inayoizunguka. Wa ndani kabisa huzama kwenye kivuli cha sayari yake kila baada ya siku 1 na saa 18 na nusu hivi. Watu wote wanaoitazama Mshtarii wanauona ukizimika kwa dakika ileile, kama watu wa vijiji viwili wanaotazama mnara mmoja wa taa. Majedwali ya Paris yalitaja saa ya tukio hilo kwa majira ya Paris. Wewe unasoma saa yako ya nguzo, unatoa, unapata longitudo. Usiku mmoja hautoshi, kwa kuwa mwezi huo hauzimiki ghafla, hufifia, na kila jicho lina mahali pake pa kusema "sasa." Kwa hiyo unahitaji siku nyingi, na anga safi siku nyingi, na mafuta ya taa, na mtu wa pili wa kuhesabu sekunde kwa sauti wakati wewe umeweka jicho kwenye kioo.

Ukijumlisha yote, kituo kilikuwa na kazi ya wiki nyingi kabla ya Zuhura, na wiki nyingine baada yake. Darubini ya kumtazama bibi harusi mwenyewe ilikuwa chombo kirahisi kuliko vyote. Ilitolewa sandukuni mwishoni.

Siku yenyewe

Juni 6 Rodrigues kulikucha na mvua. Pingré alikosa mwanzo wa safari ya Zuhura. Mawingu yalipopasuka aliidaka ikiwa ndani ya jua, akapima kila alipopewa nafasi, na kama dakika 34 baada ya adhuhuri ya kisiwani akaandika saa ya kutoka.

Kulikuwa na mtego ambao Halley hakuuona. Zuhura inapokaribia kuuacha ukingo wa jua haiachii vizuri. Kidoa hurefuka kikaonekana kuning'inia kama tone la wino linaloganda kwenye ncha ya kalamu, na mtazamaji hajui lini hasa viwili hivyo vimegusana. Tone hilo jeusi liliwatenganisha watu waliosimama bega kwa bega. Tahiti mwaka 1769, Cook na Green, wakiwa pamoja na darubini za aina moja, walipishana kwa sekunde kadhaa.

Mwishoni mwa Juni meli za Waingereza zikaivamia Rodrigues. Pingré aliwaonyesha karatasi yake ya ruhusa, hawakuijali. Alibaki kisiwani na kobe wake hadi Septemba. Alipofika kwao na kufanya hesabu, akapata paralaksi ya jua ya sekunde 10.6. London, James Short alipata 8.5 hivi kwa kutegemea kituo cha Rasi. Katika mabishano hayo upande wa London ulishuku kwamba saa aliyoandika Pingré ina kosa la dakika nzima. Matokeo ya mwaka 1761 kwa jumla yalitapakaa kutoka 8.28 hadi 10.6, maana yake jua liko popote kati ya kilomita milioni 124 na milioni 159. Baada ya duru ya 1769 Thomas Hornsby wa Oxford akapata 8.78. Kipimo cha leo ni 8.79, kilomita milioni 149.6.

Le Gentil aliamua kutorudi nyumbani. Alibaki katika bahari hii miaka 8 kungoja duru ya pili, akajenga kituo kizuri Pondicherry, saa ikahojiwa, longitudo ikapatikana. Asubuhi ya siku yenyewe wingu likalifunika jua mpaka Zuhura ilipokwisha kutoka. Alirudi Ufaransa mwaka 1771 akakuta amehesabiwa kuwa maiti. Mara ya kwanza alikuwa na anga bila kituo. Mara ya pili kituo bila anga.

Kijiti cha Juni 13

Si kwamba pwani hii haikuwa na elimu ya falaki. Kibla kilitafutwa, miandamo ilingojwa, na wakulima na mabaharia walihesabu mwaka wa jua kwa miongo, siku kumi kumi, kuanzia Nairuzi, mwanzo wa mwaka huo. Elimu hiyo ilitosha kwa kazi yake: mkulima na baharia wanahitaji siku sahihi, hawahitaji sekunde. Vyombo vya sekunde vilikuja baadaye na wageni waliotaka ramani. Kati ya 1822 na 1826 Kapteni William Owen aliipima pwani hii kwa kronomita, yaani saa za baharini, na homa zikaua mabaharia wake wengi. Mwaka 1899 na 1900 Wajerumani Kohlschütter na Glauning walizunguka ndani ya koloni lao na pendulamu, safari hii si kwa ajili ya saa. Ule udhaifu wa uvutano uliomsumbua Richer sasa ulikuwa ndio kitu kinachopimwa.

Wiki moja baada ya aibu yetu ya simu tatu, niliwarudisha vijana Ras Kazone bila darubini. Nilichagua Juni 13 kwa makusudi: jua huwahi au huchelewa dakika kadhaa kufuatana na majira ya mwaka, na siku hiyo kosa hilo ni karibu sifuri. Tulikita kijiti cha mita moja, tukakinyoosha kwa timazi, tukachora duara lenye nusukipenyo cha sentimita 70 kukizunguka. Njia hiyo ni ya kale. Mafundi wa misikiti wameitumia karne nyingi kupata kaskazini na kusini. Safari hii simu ilikuwa moja, imewekwa sawa kwa ishara ya saa ya redio.

Ncha ya kivuli iligusa duara saa 5:02 asubuhi. Ikaingia ndani, ikafupika hadi sentimita 54 hivi, ikaanza kurefuka, ikaligusa duara upande wa pili saa 7:48 mchana. Katikati yake ni saa 6:25. Vijana wakashangaa: kumbe adhuhuri ya Tanga si saa sita? Si saa sita. Saa ya simu zetu ni ya mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita Somalia na Madagaska. Jua huwafikia wao kwanza. Sisi limetufikia dakika 25 baadaye. Gawanya kwa 4, unapata nyuzi 6 na robo. Toa kwenye 45. Inabaki 38 na dakika 45 za pembe.

Nikatandaza ramani, binti mmoja akaweka kidole.

"Mwalimu, hapa ni Muheza."

Ni kweli, tulikosea kwa theluthi moja ya uzi, dakika moja na nusu ya saa. Lakini wiki moja kabla tulikuwa hatujui kama tuko ng'ambo ya Pemba au nyuma ya Korogwe, na sasa, kwa kijiti na duara la mchangani, tulikuwa tumeifikisha Tanga mahali ambapo unaweza kupanda daladala ukarudi nyumbani.